Ombi limeishia wapi?

Ijumaa moja, saa tatu usiku, simu yangu iliita. Alikuwa mama mwenye duka la kanga Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, ambaye nilikuwa nimemtengenezea programu ya kupokea oda mtandaoni. Niliitikiwa shikamoo yangu upesi, kisha likaja swali: "Mwanangu, mbona naona weupe tu?" Nikafungua laptopu, nikaiita programu ile ile. Picha za kanga zimejipanga, bei zinaonekana, kitufe cha kuagiza kinabonyezeka. Kwenye simu yake hakuna kitu.

Nilikesha hadi saa saba nikibadilisha msimbo, nikiupandisha hewani, nikimpigia aangalie, nikibadilisha tena. Kumbe tatizo lilikuwa herufi moja. Kwenye ukurasa nilikuwa nimeandika `Mfumo.js`, na faili lenyewe linaitwa `mfumo.js`. Kwa kawaida Windows na Mac huyahesabu majina hayo mawili kuwa jina moja, kwa hiyo laptopu yangu ilinisamehe kimyakimya kwa miezi miwili. Seva nyingi, yaani kompyuta zinazohudumia programu mtandaoni, zinaendeshwa na mfumo wa Linux, na kwa Linux herufi kubwa na herufi ndogo ni vitu viwili tofauti.

Jambo lililonipotezea muda zaidi ni kwamba seva haikusema "sijaliona faili." Nilikuwa nimeiagiza hivi: ukiulizwa anwani usiyoijua, toa ukurasa wa mwanzo. Ni mpangilio wa kawaida kwa programu za ukurasa mmoja. Basi kivinjari kilipoomba `Mfumo.js`, seva ilitoa ukurasa wa mwanzo, ikaupa namba 200, maana yake kila kitu ni salama. Kivinjari kilitegemea msimbo wa JavaScript, kikakutana na alama ya `<` inayoanzisha kila ukurasa wa HTML, kikagoma. Ukiona konsoli, yaani dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa, inalalamika kuhusu `<` isiyotarajiwa, usianze kuhesabu mabano kwenye msimbo wako. Fungua faili linalotajwa usome kilichomo. Mara nyingi utaukuta ukurasa uliovaa jina la faili lingine.

Tangu usiku ule nina swali moja ninaloliuliza kabla sijagusa mstari wowote wa msimbo: ombi limeishia wapi?

Mteja anapoandika anwani ya duka, ombi lake hupita mikono mingi. Kwanza jina linageuzwa kuwa namba. Kisha kivinjari na seva vinasalimiana na cheti cha usalama cha tovuti kinakaguliwa. Baada ya hapo ombi linafika kwa mlinzi wa getini, ambaye mara nyingi ni programu ya kupokea maombi iitwayo Nginx au Apache, naye analipeleka ndani kwa programu yenyewe. Programu inaiuliza hifadhidata. Jibu linarudi, na likishafika kwenye simu bado kivinjari kina kazi ya kulielewa na kulichora. Ombi linaweza kufia kituo chochote kati ya hivyo, na kila kituo kina kilio chake. Anayekimbilia msimbo kabla ya kujua kituo ni kama fundi anayepasua ukuta kutafuta waya uliokatika kabla hajaangalia kama luku ina umeme.

Jina na cheti

Mfumo wa kugeuza majina kuwa namba, yaani DNS, una tabia ya kukumbuka. Kila rekodi ina muda wake wa kukumbukwa, unaohesabiwa kwa sekunde, na ukiwekwa 86400 ni siku nzima. Ukihamisha programu kwenda seva mpya leo asubuhi, wateja wengine wataendelea kupelekwa seva ya zamani hadi kesho, huku wewe ukiiona mpya. Dawa yake inaanza kabla ya kuhama: punguza muda huo uwe 300 siku moja au mbili mapema, subiri ule wa zamani uishe, ndipo uhame. Na unapopima, pima kwa njia mbili, Wi-Fi ya nyumbani na bando la simu, kwa sababu kila mtandao unaweza kuwa na kumbukumbu yake.

Tarehe 4 Oktoba 2021 watu wengi tulifikiri bando limeisha. Facebook, Instagram na WhatsApp vilitoweka kwa takriban saa sita. Badiliko la mipangilio lilikata mawasiliano kati ya vituo vyao, njia za kuzifikia seva zao za majina zikaondolewa kwenye ramani ya intaneti, na dunia nzima ikawa haijui nyumba ile iko wapi. Huko ndani programu zilikuwepo. Mlango ndio haukuonekana.

Kuna na siku ambazo kosa liko baharini kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani. Siku kama hiyo programu iliyo kwenye seva za Ulaya inaonekana mgonjwa kwa mteja wa Temeke, na ni nzima kwa mteja wa London. Kabla hujaitibu, tafuta mtu aliye mtandao mwingine akuangalizie.

Kuhusu vyeti sina mengi. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo wengi wetu tunavitumia, vimezoeleka kudumu siku 90 na huhuishwa na programu maalumu bila kuguswa na mtu. Uhuishaji ukikwama, mara nyingi ni kwa sababu mtu alifunga poti 80 (poti ni mlango wa seva wenye namba) akidhani haina kazi tena, au domeni ilihamishwa na seva ya zamani ndiyo inayoendelea kuomba cheti. Na mteja mmoja tu akilalamika kuhusu cheti, mwulize kwa upole simu yake inaonyesha tarehe gani. Simu iliyozimika betri ikarudi na tarehe ya miaka iliyopita itakikataa cheti chako kilicho halali.

Mlinzi wa getini anasema nini

Namba za makosa zinazoanza na 5 watu huzisoma zote kama "seva imekufa," na hapo wanapoteza habari muhimu waliyopewa bure.

Namba 502 inatoka kwa mlinzi: amekwenda kumwita mwenye nyumba, na hakuna aliyeitika kwa namna inayoeleweka. Programu haijawashwa, au imeanguka, au inasikiliza poti nyingine. Namba 504 nayo inatoka kwa mlinzi, ila safari hii mwenye nyumba yumo ndani na amechukua muda mrefu mno kutoka. Nginx kwa kawaida husubiri sekunde 60. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni swali zito kwa hifadhidata, au programu yako inayosubiri jibu la mfumo wa mtu mwingine. Namba 500 ni mwenye nyumba mwenyewe: alitoka, akaanguka mlangoni. Hiyo ndiyo inayostahili kukurudisha kwenye msimbo wako, na hata hapo anza na logi, yaani kumbukumbu za matukio ambazo programu hujiandikia. Zile mbili za kwanza zinakutaka uangalie kama programu iko hai kabla ya jingine lolote.

Ipo na 413, ambayo ilimsumbua mama wa kanga wiki nzima. Picha ndogo zinapanda, picha nzuri zilizopigwa kwa simu mpya zinakataliwa. Nginx isipoambiwa vinginevyo hairuhusu mzigo unaozidi megabaiti 1. Programu yangu haikuwahi hata kuziona picha zile, ndiyo maana logi zake zilikuwa safi. Logi zilizo safi kabisa wakati mteja analia ni ushahidi mzito kwamba ombi halikufika hapo. Rudi kituo kimoja nyuma.

Programu inayoanguka bila neno la kuaga, ikiacha namba 137 tu, imeuawa. Namba hiyo ni 128 jumlisha 9, na 9 ni amri ya kuua isiyopingika. Mara nyingi muuaji ni mfumo wa seva yenyewe, kwa sababu kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) imejaa. Seva ya bei nafuu yenye RAM ya gigabaiti 1 inaweza kuiendesha programu vizuri kabisa na ikashindwa kuijenga, yaani kuugeuza msimbo kuwa mafaili yaliyo tayari kutumika, maana kujenga kunakula zaidi. Jenga kwenye mashine yako au kwenye huduma ya kujengea, kisha upandishe matokeo. Na ukiwa hapo hapo andika `df -h` uone kama diski ina nafasi. Diski iliyojaa logi huzaa makosa ya ajabu ambayo hayafanani hata kidogo na diski iliyojaa.

Neno "hapa"

Kama ningepewa nafasi ya kumweleza kijana anayeanza jambo moja tu, ningemweleza maana ya `localhost`.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu neno lenyewe tunalo. `localhost`, au 127.0.0.1, maana yake ni "hapa." Na "hapa" haina mahali pake pa kudumu, inategemea anayesema. Mimi nikiwa Ubungo nikisema "hapa," ni Ubungo. Wewe ukilirudia neno langu ukiwa Mwanza, limeshakuwa Mwanza.

Sasa fuata neno hilo linavyosafiri. Kwenye laptopu yangu ukurasa, programu na hifadhidata vyote vinaishi chumba kimoja, kwa hiyo "hapa" ya kila mmoja ni ile ile. Nikiandika kwenye msimbo wa ukurasa kwamba orodha ya kanga ichukuliwe `localhost:8000`, kwangu inafanya kazi. Msimbo ule ukishashuka kwenye simu ya mteja, "hapa" imekuwa simu ya mteja, na ndani ya simu yake hakuna programu yoyote inayosikiliza poti 8000. Ombi limefia mfukoni mwake.

Nikiifungia programu ndani ya kontena la Docker, yaani sanduku linaloitenga na mashine nzima, na kuiacha hifadhidata nje, msimbo unaosema "hifadhidata iko hapa, poti 5432" unaangalia ndani ya kontena na kukuta patupu. Kinyume chake pia hutokea: programu iliyo ndani ya kontena ikisikiliza 127.0.0.1 itasikia sauti za humo ndani tu, na mlinzi wa getini atabisha hodi hadi achoke. Iambie isikilize 0.0.0.0, yaani anwani zote za kontena, uone 502 zikiondoka.

Kisha malipo. Anayejenga duka la mtandaoni Kenya kwa M-Pesa anakijua kile kidirisha kinachomtokea mteja kikimtaka aweke namba ya siri. Mteja akishaweka, jibu la malipo halirudi kwa njia ya ombi lako la kwanza. Mfumo wa malipo unakuja kukutafuta wenyewe, baadaye, kwa anwani uliyouachia. Ukiwa umeacha `localhost`, na ombi lako lisikataliwe hapo hapo, mfumo huo utajitafuta wenyewe. Pesa imetoka, ujumbe umeingia kwenye simu ya mteja, na oda yako bado imeandikwa "haijalipwa." Anwani ya kurudishia majibu lazima iwe ya wazi, inayofikika kutoka nje, yenye HTTPS. Na kwa kuwa jibu linaweza kuchelewa au kupotea, usimwache mteja akining'inia: weka kazi inayouliza hali ya malipo baada ya dakika chache, na hakikisha jibu moja likija mara mbili halihesabiwi mara mbili. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu mwenye kuumia hapa ni mtu aliyelipa hela yake.

Anwani kama hizo, pamoja na nywila na funguo, hukaa kwenye vigeu vya mazingira, yaani thamani ambazo programu huzisoma kutoka nje ya msimbo, kwa kawaida ndani ya faili la `.env` ambalo halipandishwi pamoja na msimbo. Kwa hiyo ni rahisi kusahau kuviweka upande wa seva. Kuna mtego wa pili usiosemwa sana. Kwa programu za upande wa mbele, zile zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, zinazojengwa kwa Vite na zana za jamii hiyo, thamani ya kigeu huingizwa ndani ya faili wakati wa kujenga. Ukiibadilisha kwenye seva baada ya kujenga hakuna kitakachobadilika, hata ukiiwasha upya mara kumi. Jenga tena. Na kwa sababu hiyo hiyo siri usiiweke huko kamwe, maana kila mteja anaishusha kwenye simu yake. Ufunguo ukishavuja GitHub, ghala la mtandaoni la msimbo, kuufuta kwenye faili hakusaidii, historia inao. Batilisha ule, toa mpya.

Kivinjari nacho kina sheria zake

Unajaribu kwa `curl`, programu ya kutuma maombi kwa amri za maandishi, jibu linakuja. Unajaribu kwa kivinjari, unaambiwa CORS, sheria ya kivinjari. Wengi hapa huudhika, na wengine husakinisha kiongezi cha kuizima sheria hiyo kwenye kivinjari chao, jambo ambalo linamtibu daktari na kumwacha mgonjwa. Sheria yenyewe ni ya haki: ukurasa uliotoka asili moja hauruhusiwi kusoma majibu ya asili nyingine mpaka ile ya pili iridhie. Asili ni vitu vitatu kwa pamoja, itifaki, domeni na poti, hivyo anwani yenye `www` na isiyo nayo ni asili mbili. Ruhusa hutolewa na seva, kwenye kichwa cha jibu lake kiitwacho `Access-Control-Allow-Origin`. `curl` haina habari na sheria hii, ndiyo maana inapita.

Lakini kabla hujagusa ruhusa, angalia logi. Programu ikianguka kwa 500, au mlinzi akitoa 502, ukurasa wa kosa mara nyingi hauna kichwa kile cha ruhusa. Kivinjari kinaona ruhusa haipo, kinatangaza CORS, na kosa halisi linajificha nyuma yake. Nimewaona watu wakihangaika siku mbili na ruhusa wakati hifadhidata ilikuwa imezimwa.

Na je, una hakika kinachoendeshwa ni kile ulichokipandisha? Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani ya Knight Capital ilikuwa imepandisha programu mpya ya kununua na kuuza hisa kwenye seva nane. Ilifika saba. Ile ya nane ilibaki na msimbo wa zamani, ambao uliamshwa na alama iliyokuwa imepewa maana mpya. Kwa dakika 45 hivi ikaagiza hisa bila kikomo, na hasara ikazidi dola milioni 440. Sisi wenye seva moja tuna toleo letu dogo la mkasa huo: akiba ya kivinjari inayotoa faili la juzi. Chapisha namba ya toleo mahali unapoweza kuisoma, chini ya ukurasa au kwenye anwani ya siri, ili swali la "ni lipi hili?" lijibiwe kwa sekunde tano.

Saa yetu na ng' yetu

Makosa yaliyobaki hayamo kwenye vitabu vingi, kwa sababu walioandika vitabu hawakuishi kwetu.

Seva nyingi huhesabu saa kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Wakati mwingine oda za kanga huingia usiku wa manane. Oda iliyoingia saa saba usiku, tarehe mosi Novemba, seva iliiandika saa 22:00 tarehe 31 Oktoba. Mama alipojumlisha mauzo ya mwezi kwa daftari lake, hesabu ikapishana na ya programu, na aliyekuwa sahihi ni daftari. Hifadhi kwa UTC, hakuna ubaya, lakini unapokata siku na mwezi, kata kwa `Africa/Dar_es_Salaam`. Tena, mteja akiandika kwamba atapitia mzigo "saa mbili," usiipeleke kwenye hifadhidata kama 02:00. Anamaanisha saa 08:00, au saa 20:00. Mpe chaguo la asubuhi, mchana, jioni na usiku.

La mwisho lilinigusa zaidi. Kanga huuzwa kwa jina, na jina ni yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kwa hiyo majina yale ndiyo niliyoyafanya kuwa msingi wa kutafuta bidhaa. Siku mama alipojaribu kuingiza kanga yenye maneno "Ng'ombe haelemewi na nunduye," programu ilianguka kwa 500. Nilikuwa nimeunga maneno ya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, kwa kuyabandika, na kwenye SQL alama ya `'` ndiyo inayofunga maneno. Hifadhidata ilisoma `'Ng'`, ikadhani jina limekwisha, ikakutana na `ombe` isiyojua ni amri gani. Mlango ule ule unaoangushwa na ng'ombe ndio ambao mhalifu angepitishia amri zake. Tumia maswali yenye nafasi zilizotengwa, ambapo thamani hupelekwa peke yake bila kuchanganywa na amri, na yote mawili yanaisha.

Nilirekebisha, kanga ikaingia. Siku ya pili simu: "Mwanangu, kanga ya ng'ombe siioni." Kwangu inaonekana. Safari hii sikugusa msimbo. Nilifungua logi nikaangalia ombi lake lilivyofika, herufi kwa herufi. Lilikuwa limefika salama na limejibiwa 200, likiwa na orodha tupu. Baadhi ya simu huigeuza `'` iliyonyooka kuwa `’` iliyopinda unapoandika, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti: ya kwanza ni U+0027, ya pili U+2019. Aliyeandika ng’ombe kwa simu hawezi kumpata ng'ombe aliyeandikwa kwa kibodi ya laptopu. Niliongeza mistari michache inayozigeuza alama zote za jamii hiyo kuwa moja, wakati wa kuhifadhi na wakati wa kutafuta, nikaipitisha pia kwenye majina ya wateja, maana akina Ng'wandu na Ng'ang'a nao walikuwa hawapatikani.

Nikampigia, nikamwomba ajaribu tena. Nilimsikia akisoma taratibu, herufi moja moja, jinsi anavyoandika. Kisha akanisomea bei.